Bonge la damu mguuni: sindano na vidonge tu, mrija wa dawa, au mashine ya kunyonya? Ulinganisho kwa tulioko Mtwara na Lindi

Kivuko cha Msangamkuu, Jumapili saa 2 usiku

Wakuu, salaam. Nina shemeji yangu, mke wa kaka, miaka 36. Jumatatu iliyopita aliamka mguu wa kushoto umevimba toka kifundo mpaka pajani, ngozi inang'aa, akikanyaga machozi yanamtoka. Nyumbani wakasema katupiwa tego, siku tatu zikaishia kwa mganga. Alhamisi nikamfuata mwenyewe nikamleta hapa mjini. Kapigwa utrasaundi, na ripoti nzima ni mstari mmoja: damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, mguu wa kushoto. Kaanzishiwa sindano za tumboni, asubuhi na jioni.

Sasa kuna binamu yetu yuko Afrika Kusini, kila siku anapiga simu kwamba sindano ni kupoteza muda. Anasema huko wanapitisha mrija mpaka ndani ya bonge lenyewe wanaliyeyusha, au wanalitoa kwa mashine na mtu kesho yake yuko nyumbani. Kaka kachanganyikiwa, yuko tayari kuuza shamba la mikorosho, na korosho za mwaka huu ziko ghalani zinangoja mnada. Mimi nimesoma usiku kucha. Kuna mrija wa kawaida unaodondosha dawa, kuna wenye mawimbi ya sauti, kuna unaopuliza na kunyonya, na kuna unaokwangua bonge bila dawa kabisa. Kila mmoja unasifiwa na anayeuuza. Aliyepitia au anayejua, naomba anilinganishie. Kipi ni tiba na kipi ni biashara?

Muuguzi wa Zamu

Pole sana mkuu. Kwanza nikutoe wasiwasi: hizo sindano si kupoteza muda, ndizo zinazomlinda asife. Bonge la mguuni linaua likikatika kipande na kukimbilia mapafuni. Sindano zinazuia bonge lisikue na mengine yasizaliwe.

Halafu kuna neno linalotuchanganya kila siku wodini. Watu wanaita hizo sindano na vidonge "dawa ya kuyeyusha damu". Haziyeyushi. Heparini, wafarini, rivaroksabani, zote kazi yake ni kuzuia. Bonge lililopo linasafishwa na mwili wenyewe, polepole, wiki hadi miezi, na mara nyingine haliishi lote. Dawa inayoyeyusha kweli ni ya jamii nyingine, kama altepulezi au streptokinezi, nayo ndiyo inayopita kwenye mrija anaousema binamu yako. Mkishayatenganisha hayo mawili, nusu ya mabishano ya familia itaisha.

Maswali yangu: anatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Kajifungua karibuni? Kafanyiwa upasuaji? Na msimruhusu mtu amkande. Akianza kubanwa kifua, kuhema juu juu au kukohoa damu, hapo hakuna kuuliza mtandaoni, ni kukimbia naye hospitali usiku huohuo.

Bibi wa Mikindani

Wajukuu, mimi sina elimu ya mirija. Ila zamani mguu wa hivyo tulikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, mwingine akapona. Na huku kwetu pwani mguu kuvimba ni matende, mbona hamsemi matende?

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo bibi. Matende yapo huku kweli, na kila mwaka tulikuwa tunameza vidonge vyake mashuleni na mitaani. Lakini matende hayaji kwa usiku mmoja. Yanakuja kwa miezi na miaka, mguu unakuwa mzito, ngozi inakakamaa. Mguu uliolala mzima ukaamka umevimba, una joto, unauma, tena mmoja tu, ule tunautafutia bonge mpaka utrasaundi ikatae. Na kukanda, bibi yangu, ndiko tunakokuogopa. Unasukuma kitu ambacho sindano inajitahidi kikae palepale.

Bibi wa Mikindani

Marahaba. Basi nimesikia, sikandi.

Kivuko cha Msangamkuu

Muuguzi, asante. Vidonge vya uzazi anatumia, mwaka wa pili sasa. Hajajifungua karibuni, mtoto wa mwisho ana miaka 5. Hajapasuliwa.

Msomi wa Skani, Jumapili saa 5 usiku

Nipo Dar kwa masomo ya radiolojia, kwetu ni Nachingwea. Si daktari wa shemeji yako, kwa hiyo ninayoandika yamsaidie kumuuliza daktari wake, yasichukue nafasi yake. Itakuwa ndefu.

Bonge si tope. Ni chembe za damu zilizonaswa kwenye nyuzi za fibrini zilizosukana kama jarife. Dawa ya kuyeyusha inaamsha kimeng'enya cha mwili wenyewe, plazmini, kinachozikata zile nyuzi. Jarife likikatika, samaki wanatawanyika. Ila nyuzi zinazeeka. Baada ya wiki mbili hivi bonge linaanza kugeuka kovu na kushikana na ukuta wa mshipa, na dawa haipati tena cha kukata. Ndiyo maana karibu kila utafiti umewachukua watu ambao dalili zao hazijapita siku 14, au 21 kwa kuchelewa sana. Shemeji yako leo yuko siku ya 7. Hapo ndipo siku tatu za mganga zinapouma.

Sasa njia zenyewe.

Ya zamani ni kuweka dawa ya kuyeyusha kwenye mshipa wa mkono, izunguke mwili mzima. Kwa mguu karibu imeachwa, maana dozi ni kubwa na inakata kila jarife inalolikuta, hata lile linaloziba kidonda cha tumbo au mshipa wa ubongo.

Mrija wa kawaida. Unalazwa kifudifudi, wanachoma nyuma ya goti huku wakiongozwa na utrasaundi, wanapitisha mrija mwembamba wenye vitundu mpaka uzame ndani ya bonge. Dawa inadondoka kidogo kidogo, nusu milligramu hadi milligramu moja kwa saa, siku nzima au mbili, mara nyingine tatu. Kwa kuwa inamwagwa palepale, dozi ya jumla ni ndogo. Gharama yake iko kitandani: chumba cha uangalizi mkali usiku na mchana, damu kupimwa kila baada ya saa chache, na kurudi kwenye mashine ya picha kuangalia limeisha wapi. Nikitaja neno katheta watu huku wanafikiri mpira wa mkojo, si huo.

Mrija wa mawimbi ya sauti, unaojulikana kwa jina EKOS. Ni ule wa kwanza, ila ndani una waya unaotoa mawimbi ili kuzilegeza nyuzi dawa iingie haraka. Ni wazo zuri. Waswisi wa Bern wakaupima: wagonjwa 48, wote dozi ileile milligramu 20 kwa saa 15, nusu mawimbi yamewashwa, nusu yamezimwa. Kiasi cha bonge kilichoisha kilikuwa karibu sawasawa. Kwa hiyo akikwambia mtu mrija huu ni bora kwa kuwa ni ghali, mwulize bora kwa nani.

Mashine ya kupuliza na kunyonya, maarufu AngioJet. Inapiga maji yenye dawa kwa kasi, inavunja, halafu inafyonza. Inaweza kumaliza kazi kwa kikao kimoja au kupunguza sana saa za kudondosha dawa, na hilo ni jambo kubwa pale ambapo vitanda vya uangalizi ni vichache. Ubaya wake, ile kasi inapasua chembe nyekundu za damu. Mkojo unatoka mwekundu, na figo zikiwa dhaifu zinaweza kuumia. Mgonjwa apewe maji ya kutosha na figo zipimwe kabla.

Ya mwisho ni vifaa vya kuvuta bila dawa, kama ClotTriever: kikapu cha waya kinafunguliwa juu ya bonge na kulikwangua kikishuka. Kwa mtu asiyeruhusiwa dawa ya kuyeyusha hiki kinavutia, ingawa mrija wake ni mnene. Takwimu zake nyingi ni za kuwafuatilia waliofanyiwa tu, hakuna kundi la pembeni la kulinganisha, kwa hiyo mimi nazisoma kwa jicho moja.

Na kote huko, baada ya mrija bado utameza vidonge vya kuzuia kwa miezi 3 au zaidi. Mrija hauondoi vidonge. Hili binamu yako hajakwambia, au hajui.

Mzee wa Mitwero, Jumatatu asubuhi

Msomi, nimesoma yote na chai imepoa. Umeeleza vizuri mirija inavyofanya kazi, hukusema kama inasaidia. Mtu haendi hospitali kusafishiwa mshipa upendeze kwenye picha, anaenda ili mguu uje ulime. Utafiti wa kulinganisha mrija na vidonge vitupu upo au haupo? Kaka wa huyu kijana anataka kuuza mikorosho. Mkorosho unaupanda leo unakaa miaka ndipo ukulipe, usiuzwe kwa maneno ya simu.

Msomi wa Skani

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo swali. Upo, na majibu yake yamewagombanisha wakubwa wa fani.

Kinachoogopwa kwa baadaye, ukiacha mapafu, ni mguu kubaki mgonjwa: unavimba kila jioni, unauma, ngozi inakuwa nyeusi juu ya kifundo, mwishowe kidonda kisichofunga. Bonge likikaa muda mrefu linaharibu vali za mshipa, vile vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Hoja ya mrija ni kwamba ukilitoa mapema vali zinapona.

Wanorwe walianza, utafiti wa CaVenT, watu 209. Matokeo ya miaka miwili yalitoka 2012: waliobaki na mguu mgonjwa ni asilimia 41 kwa waliopata mrija na asilimia 56 kwa vidonge tu. Walipofuatwa mpaka miaka mitano ikawa 43 kwa 71. Watu wakashangilia.

Kisha Wamarekani wakaja na ATTRACT, watu 692, matokeo Desemba 2017, wakitumia mrija pamoja na mashine. Baada ya miaka miwili: asilimia 47 kwa mrija, 48 kwa vidonge. Yaani sawa. Na siku 10 za mwanzo kutokwa damu kwa hatari kulikuwa asilimia 1.7 dhidi ya 0.3. Waholanzi nao 2020 wakapima ule wa mawimbi ya sauti: asilimia 29 kwa 35 baada ya mwaka, tofauti ambayo kitakwimu haikusimama.

Mzee wa Mitwero

47 kwa 48! Kesi imekwisha. Mwambie kaka yako akapalilie shamba lake.

Msomi wa Skani

Haijaisha mzee, subiri. ATTRACT ilichanganya watu wa aina mbili. Kuna bonge lililoishia pajani, na kuna lililopanda likavuka kinena mpaka kwenye mshipa mkubwa wa nyonga. La pajani damu inatafuta vichochoro inapita. La nyonga limeziba mlango wa mguu mzima, vichochoro haviwezi kazi ile. Walipowachambua wale wa kinena na nyonga peke yao, watu 391, mguu mgonjwa kwa jumla haukupishana sana, ila ule mgonjwa wa wastani hadi mkali ulikuwa asilimia 18 kwa mrija na 28 kwa vidonge. Kwa bonge la pajani mrija haukuongeza faida, hatari tu ikabaki.

Kwa hiyo, Kivuko, kabla hujalinganisha mashine na mashine, ripoti yenu ya mstari mmoja haijasema kitu pekee tunachokihitaji: bonge limefika wapi? Hujaniambia kwa sababu na wewe hujaambiwa. Rudini mkapime tena, muombe mpimaji aandike majina ya mishipa na aangalie kinena na juu yake. Utrasaundi hapo nyonga wakati mwingine haioni vizuri kwa sababu ya gesi ya tumbo, aandike kama ameona au hakuona. Asipoona na mguu wote umejaa mpaka juu, CT ya mishipa ndiyo inafuata.

Na kwa kuwa ni mguu wa kushoto kwa mwanamke wa umri huo, kuna jambo walilolieleza May na Thurner mwaka 1957: mshipa wa kushoto wa nyonga unapita chini ya ateri ya kulia, na kwa baadhi ya watu unabanwa kati yake na uti wa mgongo. Hao ukiyeyusha bonge bila kufungua palipobanwa kwa stenti, yaani kijibomba cha waya kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa wazi, linarudi. Vidonge vya uzazi vikiongezeka juu yake, ndiyo hadithi tunayoiona mara nyingi.

Muuguzi wa Zamu

Nikazie la vidonge vya uzazi. Vile vyenye estrojeni aongee na daktari wake vibadilishwe, asiviache kimyakimya halafu akapata mimba katikati ya wafarini. Wafarini na mimba changa haviendi pamoja.

Nilipitia Mwenyewe

Naomba niseme kama mgonjwa. Niko Lindi mjini, nina duka. Mwaka 2019 nikiwa safarini India mguu wa kushoto ukanivimba mpaka ukawa wa bluu. Bonge lilitoka nyuma ya goti mpaka nyonga. Hospitali siitaji.

Nililala kifudifudi, ganzi nyuma ya goti, maumivu si makubwa. Kilichonishinda ni kilichofuata. Usiku mzima na mchana na usiku mwingine sikuruhusiwa kukunja goti. Mrija unadondosha, wauguzi wanakuja kuchota damu, nilihesabu mpaka nikachoka. Wembe marufuku, mswaki mgumu marufuku. Pale palipochomwa pakavuja, wakaja kukandamiza nusu saa nzima, mimi nasali. Siku ya pili wakaniwekea stenti. Mguu ulipungua mbele ya macho yangu, hilo sidanganyi, siku ya tatu vidole vilirudi rangi yake.

Miaka imepita. Je, mguu umepona? Siku ya kukaa dukani jioni unajaa kidogo, nikilala unashuka. Kidonda sijapata. Ningekuwa nimemeza vidonge tu ningekuwaje, sijui, sina mguu wa pili wa kulinganisha. Na vidonge nimemeza pia. Mtu asidhani alikwepa kitu.

Mzee wa Mitwero

Mguu wa bluu huo nakubali, huo ni moto umeshika nyumba. Nilikuwa nazungumzia hii ya kawaida.

Msomi wa Skani

Umelenga, mzee. Mguu ukiwa wa bluu, umejaa kama ngoma, unauma vibaya na vidole vinapoa, mabishano ya asilimia yanaishia hapo. Huo mguu unakufa, na huyo anapelekwa panapowezekana kufunguliwa kwa mrija au kwa kisu, siku hiyohiyo. Shemeji yako rangi ya mguu ikoje?

Kivuko cha Msangamkuu

Mwekundu kidogo, wa joto. Si bluu. Vidole anavichezesha na vina joto.

Konda Mstaafu

Mimi ni wa barabara. Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, kukaa kwenye basi kutwa. Mkiamua kwenda, mgonjwa asikae kiti cha dirishani magoti yamegusa kiti cha mbele. Kiti cha ujiani, ashuke kila gari inaposimama, Nangurukuru ashuke, Ikwiriri ashuke. Na masika ulizeni njia kwanza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake, barabara ilikatika kule Kilwa tukalala njiani na abiria wagonjwa. Ndege ya Mtwara ni saa moja tu angani, nauli yake msiilinganishe na ya basi bila kuhesabu hilo.

Muuguzi wa Zamu

Konda kasema vizuri. Naongeza: asisafiri kabla sindano hazijashika, wala asikose sindano ya jioni kwa sababu ya safari. Na rufaa iandikwe na daktari, mpigiwe huko mnakokwenda kabla hamjaondoka. Kufika Dar na kuambiwa mtaalamu yuko likizo ni mchezo ambao nimeshuhudia.

Mama wa Newala

Mnazungumza mirija, mimi niwape upande wa vidonge maana ndio utawakuta wengi wetu. Mama yangu yuko kwenye wafarini mwaka wa tatu. Ni rahisi kununua, ila ni kazi. Damu inapimwa INR, yaani kipimo cha inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Wiki aliyokula kisamvu kila siku ikashuka, wiki aliyougua akala uji tu ikapanda, akatokwa damu puani mpaka kanga ikalowa. Daktari hakumkataza kisamvu, alimwambia ale kiasi kilekile kila wiki. Msimu wa mabibo ukifika mjomba analeta uraka, hapo ndipo vita. Pombe na wafarini havipendani. Huku Makonde kupata kipimo cha INR ni safari, ndiyo maana wenye uwezo wanahamia hivi vipya.

Msomi wa Skani

Rivaroksabani na apiksabani. Havihitaji INR, havigombani na kisamvu. Bei iko juu, lakini ukijumlisha nauli za kwenda kupima INR toka Newala, Tandahimba au Liwale, hesabu inabadilika. Rivaroksabani wiki 3 za kwanza mara mbili kwa siku, kisha mara moja, na zile dozi kubwa zimezwe pamoja na chakula, la sivyo haziingii mwilini vizuri. Figo zipimwe kabla.

Mzee wa Mitwero

Na soksi za kubana? Mwanangu kaniletea jozi toka Dar, nimezivaa kiangazi hiki nikajuta.

Muuguzi wa Zamu

Zinapunguza uvimbe na uzito wa mguu kwa anayezivumilia. Kwamba zinazuia mguu mgonjwa wa baadaye, utafiti wa watu 806 uliotoka 2014 ulizilinganisha na soksi za danganya toto, hazikushinda. Kwa joto la Lindi sikulazimishi mzee.

Kivuko cha Msangamkuu

Swali la mwisho kabla ya kesho: tukihitaji mrija, ni lazima Afrika Kusini au India?

Msomi wa Skani

Si lazima muanzie huko. Muhimbili mafunzo ya tiba kwa mirija yakiongozwa na picha yalianza 2018 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, na leo kuna Watanzania waliosomea hapahapa. Daktari wenu apige simu aulize: kwa mgonjwa huyu, wiki hii, dawa ya kuyeyusha ipo, mrija upo, kitanda cha uangalizi kipo? Vyote vitatu. Kimoja kikikosekana viwili havina maana. Kwenye bima ulizeni kila kitu kwa jina lake: mrija, chupa za dawa, stenti, siku za uangalizi. Ukiuliza "upasuaji wa mguu" utajibiwa jibu la upasuaji wa mguu.

Na wasioruhusiwa: aliyepata kiharusi, aliyepasuliwa au kujifungua wiki chache nyuma, mwenye kidonda cha tumbo kinachotoa damu, presha isiyoshuka, chembe sahani (zile za kugandisha damu) chache, uvimbe kwenye ubongo. Mwenye saratani au mzee sana anapimwa kwa mizani ya peke yake. Kwenye tafiti wengi waliofaidika ni chini ya miaka 65.

Kivuko cha Msangamkuu, Jumanne saa 1 jioni

Wakuu, mrejesho. Leo tumerudi kupima. Mpimaji ni mwingine, dada mmoja mtaratibu, alimpima karibu nusu saa, akamgeuza, akapanda mpaka kitovuni. Kaandika ukurasa mzima. Bonge linaanza kigimbini, linapita nyuma ya goti, linaishia katikati ya paja. Mshipa wa kinena uko wazi, ukibonyezwa unabonyea, maana yake hauna bonge. Wa nyonga kauona, damu inapita.

Daktari kasoma akatuambia mrija hauna kazi hapa. Anahamia vidonge vya rivaroksabani, miezi 3 kisha atazamwe upya, na vile vya uzazi vinabadilishwa. Mguu umeanza kupungua, leo kavaa kandambili zake mwenyewe.

Nimempigia binamu, kanuna. Anasema tumechagua rahisi. Nikamsomea asilimia za Msomi, akanyamaza, kisha akauliza kama shamba bado linauzwa maana yeye alikuwa na mteja.

Mzee wa Mitwero

Ha! Nilijua kuna mteja.

Nilipitia Mwenyewe

Nimefurahi sana ndugu yangu. Ningekuwa na bonge la namna hiyo nisingelala zile siku mbili kifudifudi. Ila mguu ukirudi kuvimba zaidi, au ukipanda mpaka juu, msingoje wiki, rudini.

Msomi wa Skani

Hapo sawa. Mguu ukiwa na maumivu kidogo atembee, asilale tu kitandani akidhani kutembea kunalikata bonge. Akishakuwa kwenye dawa, kutembea kunaruhusiwa. Hiyo hofu ya zamani ya kumlaza mtu wiki nzima tumeiacha.

Kivuko cha Msangamkuu

Asanteni sana. Ijumaa anarudi kwao Newala. Daktari kasema asikose hata siku moja ya vidonge. Kuna anayejua kama huko juu vinapatikana, au nimnunulie hapa?

Mama wa Newala

Mnunulie hapa, vya mwezi mzima, kabla hajapanda gari. Huku mara vipo mara havipo, na mwenye duka akikosa atampa asprini akimwambia ni kazi ileile. Si kazi ileile. Namba ya daktari aiandike kwenye boksi la dawa, simu huku zinaisha chaji.

Kivuko cha Msangamkuu

Kesho asubuhi nipo dukani.